Mwenyekiti Anataka 4K

Ukitaka kujua ukoo wenu una wataalamu wangapi wa picha, rusha video ya harusi YouTube. Shangazi ambaye mwaka mzima anaomba wajukuu wamwongezee sauti kwenye simu, siku hiyo anagundua kwamba picha ina chenga. Baba mdogo anasema rangi imepauka. Binamu aliyemaliza kidato cha nne juzi anauliza kwa nini sikuweka fremu 60. Hakuna hata mmoja anayekumbuka kwamba ukumbini kulikuwa na taa za zambarau zinazozunguka, moshi wa mashine, fataki za mezani, na bibi harusi aliyeshonewa gauni lenye vioo vingi kuliko saluni. Lawama zote zinakuja kwangu, niliyekesha mbele ya kidirisha kimoja cha kompyuta nikichagua namna ya kuitoa hiyo video.

Mnaojua harusi za Dar es Salaam mnaijua na bajeti yake. Kuna ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, MC, muziki, keki na gari la maharusi. Video hukumbukwa kikao cha mwisho, mhazini akishasoma kilichobaki na watu wakishaanza kutafuta viatu vyao. Ndipo mtu mmoja anapaza sauti kutoka nyuma: "Si yupo yule, ana kompyuta?" Yule ni mimi. Malipo yangu ni soda mbili na sahani ya pilau iliyofunikwa.

Sasa naomba nieleze mara moja, kwa maandishi, maana kueleza kwa simu nimechoka.

Video ya HD ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kwenda juu. Zizidishe, unapata zaidi ya milioni mbili katika kila fremu, na kila sekunde moja inabeba fremu 25. Ukizihifadhi zote bila kuzibana, unakula takriban megabaiti 155 kwa sekunde. GB nzima ingekwisha ndani ya sekunde saba, bibi harusi hajapiga hata hatua ya tatu, na mnavyoingia ukumbini siku hizi mnajijua. Kwa hiyo lazima ibanwe. YouTube wenyewe wanapendekeza video ya 1080p yenye fremu 24 hadi 30 iletwe kwa bitireti ya megabiti 8 kwa sekunde, yaani megabaiti moja. Kutoka 155 mpaka 1. Hizo 154 zimetupwa, na anayezitupa ni kodeki.

Kodeki ambayo wengi wetu tunaitumia inaitwa H.264. Ipo tangu mwaka 2003, na karibu kila simu utakayoikuta Kariakoo inaifungua, ndiyo maana siiachi. Siri yake ni uvivu uliopangiliwa. Inahifadhi fremu moja kamili, halafu zinazofuata inauliza tu: kuna kilichobadilika? Ukuta uko palepale, basi ukuta hauandikwi tena. Picha inagawanywa vimraba vya pikseli 16 kwa 16, na kwa kila kimraba kodeki inatazama kama kimesogea kutoka mahali fulani. Kama kimesogea, inaandika kwamba kimesogea, inakwenda zake.

Ingia nayo ukumbini uone. Baba mkubwa kashika kipaza sauti, anatoa nasaha. Nusu saa nzima, mkono mmoja mfukoni, pazia jeupe nyuma yake, kinachocheza ni mdomo tu. Kodeki imestarehe. Katika harusi yote, kitu pekee kinachoifurahisha ni hotuba ndefu za wazee. Aliyeibuni lazima aliwahi kuwa mzee wa kanisa.

Kisha MC anahesabu tatu, mbili, moja, na vile vikaratasi vya kumetameta vinafyatuliwa hadi darini. Kila kipande kinageuka kivyake, kinawaka na kuzima, kinashuka upande kinaoutaka chenyewe. Hakuna kimraba kinachofanana na jirani yake wala na kilivyokuwa fremu iliyopita. Wifi nao ndio wanaingia, sare za vitenge vya maua madogomadogo, wanaserebuka. Kodeki inatafuta pa kukwepea kazi haipati, na mkononi ina megabiti nane zilezile ilizokuwa nazo wakati wa baba mkubwa. Inafanya nini? Inagawa umaskini sawa kwa wote. Uso wa bibi harusi unapata vimraba, keki inapata vimraba, wifi mkubwa anageuka vimraba kuanzia kiunoni kushuka. Ndizo hizo chenga mnazonipigia simu.

Moshi ndio usiseme. Rangi ya zambarau inatakiwa ififie taratibu kutoka kwenye taa mpaka gizani, lakini video ya kawaida ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na kwenye giza inazitumia chache. Matokeo yake ukutani yanatokea maduara, moja ndani ya jingine, mtu akadhani ukumbi uliota ukungu. Kamati ililipia moshi. Kamati ililipia vikaratasi. Megabiti kamati haikulipia.

Dawa ipo, lakini inataka usiku mzima. Kidirisha cha kutolea video kina chaguo la bitireti inayobadilika, tena ya mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza programu inaipitia video yote bila kuandika chochote, inajifunza wapi kuna vurugu na wapi kuna utulivu. Mzunguko wa pili ndipo inaandika, ikimpunja baba mkubwa na kuwaongezea wifi. Mimi huichagua hiyo kila mara, hata kama feni ya kompyuta yangu inavuma mpaka mama mwenye nyumba anauliza kama nimewasha mashine ya kusaga. Yeye ndiye anayegawa bili ya umeme, kwa hiyo swali lake halina uchangamfu.

Mengine kwenye kidirisha hicho siyahangaikii. Faili ya MP4. Sauti ya AAC, 48 kHz, na bitireti ya kilobiti 384 kwa sekunde kama YouTube wanavyotaka, ingawa spika za ukumbi zilikuwa zimeshaimaliza hiyo sauti kabla haijanifikia. Nikishamaliza hapo huwa nanywa chai. Vita vinaanza kwenye fremu.

Kamera ya mpiga video ilirekodi fremu 25. Simu za wageni zilirekodi 30. Binamu alirekodi 60, na anataka video nzima itoke 60 kwa sababu aliona mtu mtandaoni akisema 60 ndiyo laini. Nimemwambia fremu 25 ukizilazimisha kuwa 60, programu inarudiarudia zilezile, na wala hapati ulaini, anapata mzigo: YouTube inataka megabiti 12 kwa 1080p ya fremu 60 badala ya 8. Kanuni ni nyepesi mno kiasi kwamba watu hawaiamini. Itoe video kwa fremu zilezile zilizorekodiwa, na kama zimechanganyika, fuata za kamera iliyorekodi sehemu kubwa. Binamu amenijibu kwamba mimi ni mtu wa zamani.

Kuna jambo jingine ambalo hata hilo la fremu linalitegemea. Umeme wetu unakuja kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za kumbi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona kitu. Simu inaona. Ukiirekodi harusi kwa fremu 30 na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, isiyolingana na taa, ukuta unaanza kupitiwa na mistari myeusi inayopanda polepole kutoka chini. Tiba yake ni shata ya sekunde 1/50 au 1/100, siku yenyewe, pale pale ukumbini. Ukija kwangu Jumanne kuniuliza kama naweza kuifuta mistari kwa setingi, umeshachelewa.

Hizo simu nazo zina tabia ya kubadilisha idadi ya fremu kadiri zinavyochoka. Pakiwa na giza zinapunguza, pakiwa na mwanga zinaongeza. Programu nyingi za kuhariri hazipendi mchezo huo, na sauti inaanza kuachana na picha kidogo kidogo. Ndivyo ilivyotokea kwenye klipu moja ya kiapo. Bwana harusi anaulizwa kama amekubali, "Ndiyo" inasikika, halafu mdomo wake unafunguka baadaye. Mama mkwe alinipigia kuuliza kama kijana alisita. Sikutaka ndoa ivunjike kwa sababu ya fremu, kwa hiyo siku hizi kila klipu ya simu naipitisha kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure, inazilazimisha fremu ziwe na idadi isiyobadilika, ndipo naihariri.

Wenye iPhone wana msiba wao. Tangu iPhone 12 ya mwaka 2020 simu hizo hurekodi HDR, rangi zenye mwanga mkali ambazo kwenye kioo chao zinapendeza kweli. Ukizitumbukiza hivyo hivyo kwenye mradi wa rangi za kawaida, hizi za Rec. 709 ambazo ndizo televisheni nyingi zinazielewa, shela inawaka na sura ya aliyeivaa inapotea. Kabla ya kuitoa video lazima klipu hizo zigeuzwe rangi, moja baada ya nyingine. Au uzime HDR kabla ya kurekodi, jambo ambalo mwenye iPhone hawezi kukubali kwa kuwa amelipia.

Na mwenyekiti wa kamati aliomba jina lake na cheo chake yaandikwe kwa herufi nyekundu juu ya utepe wa bluu. Nikamweleza kwamba video za mtandaoni huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha, mwanga pekee ndio unaohifadhiwa kamili, hivyo nyekundu juu ya bluu itatoka na kingo zilizoliwa. Herufi nyeupe zingekaa sawa. Akasema nyekundu ndiyo rangi ya kamati. Imetoka na kingo zilizoliwa.

Huyu huyu mwenyekiti ndiye anayetaka 4K. Amenunua televisheni ya ukutani, na kwa mtazamo wake kitu kisicho 4K kinaitia aibu. Nikamwambia, mzee, harusi ilirekodiwa HD. 4K ina pikseli mara nne ya hizo, na robo tatu zinazokosekana hakuna kitufe cha kuzileta. Akasema, "Wewe weka tu." Basi tukapiga hesabu. YouTube inapendekeza megabiti 35 hadi 45 kwa sekunde kwa 4K ya fremu za kawaida. Tuchukue 40. Video ya saa mbili inakuwa GB 36. Intaneti ninayopanga nayo hupandisha megabiti 2 kwa sekunde siku ikiwa na hisani. Hiyo ni saa 40 za kupakia, usiku na mchana, umeme usikatike, mtoto asichomoe waya, na bando la GB 36 alinunue nani? Hapo mwenyekiti alikumbuka ana kikao kingine.

Lakini nisimnyime haki yake yote, kwa sababu ndani ya upuuzi wake kuna chembe ya ukweli, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Chochote unachokipeleka YouTube hakikai kama ulivyokileta. Wanakibana upya, cha kila mtu, wewe mwenye wafuasi arobaini na msanii mwenye mamilioni. Tofauti ni namna kinavyobanwa. Video ya 1080p ya chaneli ndogo mara nyingi hurudishwa kwenye H.264 kwa bitireti ya kubania. Ikifika 1440p kwenda juu hupewa VP9, kodeki ya Google ya mwaka 2013 inayobana kwa ustaarabu zaidi, pamoja na megabiti za kutosha. Ndiyo maana mafundi huchukua video yao ya HD, wakaitanua hadi 2,560 kwa 1,440 wakati wa kuitoa, wakaipa megabiti 16 wanazopendekeza YouTube kwa ukubwa huo. Picha haijaongezeka hata unywele. Imevalishwa suti tu, na seva zikiona suti zinafungua mlango mkubwa. Mambo ya mjini hayo, nilidhani yapo kwenye benki tu.

Hesabu tena: saa mbili kwa megabiti 16 ni zaidi ya GB 14. Sina. Kwa hiyo ninachofanya ni kuitoa harusi nzima kwa 1080p, ambayo ni GB 7 na kitu, inapanda kwa saa nane nikiwa nimelala, kisha natengeneza kipande cha dakika 12 chenye maingilio, keki na wifi wote, hicho nakitanua kuwa 1440p. Kinabaki GB moja na nusu. Hicho ndicho watu wanachokitazama. Harusi nzima inatazamwa na mama wa bibi harusi, na mtu mmoja anayetafuta nani hakutoa zawadi.

Ukidhani hapo nimemaliza, hujaishi na ukoo. YouTube ikishapokea faili inatengeneza kwanza toleo dogo, la 360p, ili video isichelewe kuonekana. HD inafuata baadaye, na kwa video ndefu ukubwa wa juu unaweza kuchukua saa nyingi. Mimi huificha hadi HD ifike, naiweka bila kuorodheshwa, simpi mtu kiungo. Ila mke wangu ni wa ukoo ule. Kiungo kinatoka jikoni, dakika kumi kiko kwenye kundi la familia, na watu sitini wanaitazama 360p kwa mkupuo mmoja huku wakinisema. Nikiandika "subirini itakuwa nzuri," wananijibu kwa vikatuni.

Shangazi mwingine yuko Tanga, simu yake imewekewa kubana matumizi ya bando, anatazama 144p. Ameniambia picha ni safi kama maji ya kisimani, na aliwatambua watu wote kwa sauti. Mjomba yuko Muscat, ana kioo cha inchi nyingi na intaneti isiyokohoa, anaona hadi vumbi kwenye lenzi. Alinipigia usiku kuuliza kwa nini moshi una mistari. Dua niliipata Tanga.

Yote hayo ningeyavumilia kama si WhatsApp. Mgeni anarekodi kipande kizuri kwa simu nzuri. Anamtumia dada yake, WhatsApp inakibana. Dada anakikata kwa programu ya bure inayokiongezea nembo pembeni, kinabanwa. Anakiweka stetasi, kinabanwa. Wa tatu anakipenda, anarekodi kioo cha simu yake, na asilimia ya betri inaonekana juu kulia. Hicho ndicho kinacholetwa kwangu na maelezo: "Hiki kiweke mwanzoni, kina hisia." Nazi ina tui la kwanza na la pili, na kwa mwenye subira la tatu. Mimi naletewa chicha, halafu naulizwa kwa nini wali haujakolea.

Na njia ya kutuma bila kuharibu ipo ndani ya WhatsApp hiyohiyo. Ile alama ya HD waliyoiweka mwaka 2023 inasaidia kidogo, lakini bado inabana. Ukituma video kama dokumenti haiguswi, inafika kama ilivyotoka, na tangu mwaka 2022 inapokea faili ya hadi GB 2. Nimeandika hivyo kwenye kundi la kamati kwa herufi kubwa. Waliojibu waliweka alama ya mikono ya kuomba, kisha wakatuma klipu kwa njia yao ileile.

Basi ndugu msomaji, kama una kipande chochote cha harusi ya Jumamosi, kilete kwa waya, kwenye kadi, au kitume kama dokumenti. Mwambie MC afyatue vikaratasi mara moja, si mara tano. Video ikipanda, gusa kigurudumu cha setingi, chagua 1080p, kama haipo ujue bado inapikwa, rudi kesho. Ukinipigia ukiwa kwenye 144p, sipokei.